Kidole Shingoni

Mke wa mwanawe alipitisha kidole shingoni, kutoka sikio hadi sikio, kama mtu anayechinja, na macho yake yalikuwa yameelekea alipokaa Mama.

Mama alikuwa kwenye benchi la wateja, mlangoni pa mashine ya kusaga, kikombe cha chai mkononi. Alimalizia chai yake kwa adabu, akainuka polepole kwa ajili ya goti, akaingia ndani na kukaa kitandani. Basi ni kweli, aliwaza. Wamenichoka, na sasa hawajifichi tena.

Ukweli ni kwamba mkwe wake hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama mumewe, aliyesimama nyuma ya Mama karibu na swichi kubwa ya ukutani, na alichomwambia ni neno moja tu: zima. Mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye mashine ya kusaga anajua kwamba humo ndani mdomo hauna kazi. Mota inanguruma, mkanda unapiga, nyundo za chuma zinaponda mahindi, na hata ukimwita mwenzako kwa kumwekea mdomo sikioni atakachosikia ni pumzi. Kwa hiyo watu wa kinuni huzungumza kwa mikono. Kidole shingoni ni zima. Kubana pua ni mkanda unaungua, kautazame. Kidole gumba kuelekea mlangoni ni gunia hili limejaa, litoe. Kiganja kinachoinamishwa, kama cha mtu anayemwaga maji, ni mimina, mashine haina kitu mdomoni. Ziko na nyingine, lakini hizi nne zinatosha kuvunja nyumba.

Mama hakujua lolote kati ya hayo. Wala hakuwapo wa kumwambia, maana wenyewe walizizoea ishara zao hata hawakujua tena kama wanazo. Walizitumia kinuni, mezani, na hata kitandani, nadhani.

Mambo yalianzia kwenye sahani.

Mama alikuwa amefanya kazi ya uhudumu wa wodi maisha yake yote, mahali ambapo mtu akiinua sauti aligeukiwa na kila mtu, pamoja na wagonjwa. Alitembea bila kusikika na kuzungumza kama anayeogopa kumwamsha mtu. Alimlea mwanawe hivyohivyo, mpaka watoto wa mtaani wakampachika jina la Kimya. Kisha Kimya akaoa binti wa mwenye mashine ya kusaga, akaingia kwenye kazi ya wakwe zake, na mkwe mzee alipofariki mashine ikabaki mikononi mwao wawili. Nyumba aliyopanga Mama ilipouzwa, Kimya alimfuata na gari la kukodi, akapakia kitanda, sanduku na stuli yake, akamleta kwake.

Siku ile ya kwanza mkwe alipika wali na nyama, akaweka sahani kubwa mbele ya mgeni wake.

"Karibu, Mama, ule," alisema.

"Asante, mwanangu. Mimi nimeshiba," Mama alijibu kwa unyenyekevu.

Alikolelewa yeye, ndivyo mtu anavyoanza. Ukikaribishwa mara ya kwanza unakataa, usionekane umekuja kwa ajili ya sufuria za watu. Ukikaribishwa mara ya pili unasitasita. Mara ya tatu unasogeza kiti. Mama alikwisha kuandaa kule kusitasita kwake. Lakini mkwe aliitwaa sahani ile hapohapo, akairudisha jikoni, na Mama akabaki akiitazama ikienda zake kama mtu aliyeachwa na basi.

Mkwe naye hakuwa na ubaya. Yeye alizaliwa kinuni. Huko mtu akisema basi, ni basi. Ukiendelea kummiminia aliyesema basi unaharibu unga wa watu. Mama amesema ameshiba, kwa hiyo ameshiba. Kumlazimisha mtu mzima kula aliona ni kumfanya mtoto.

Ikawa hivyo kesho yake, na siku zilizofuata. Mama akikaribishwa anashukuru na kusema ameshiba, sahani inaondoka. Akibahatika kupakuliwa kidogo kabla ya kusema neno, anakula kile kidogo na kungoja aambiwe aongeze. Haambiwi. Akaanza kupita dukani akisingizia kunyoosha goti, ananunua mkate, anakula chumbani mwake, mlango umerudishwa, akitafuna polepole asisikike.

Hayo ya chakula angeyavumilia. Zile kelele ndizo zilizomtia hofu. Kimya wake, mtoto aliyekuwa akiomba maji kwa kunong'ona, sasa aliamka akipiga ukelele: "Mama Pacha, taulo liko wapi?" Na mkewe, ambaye wateja walimwita Kengele, naye anajibu kutoka uani kama anayefukuza mwizi: "Liko mgongoni kwako, Baba Pacha." Pacha wenyewe walikuwa shule ya bweni, na Mama alishukuru kwamba watoto hawayaoni haya. Alikwenda kumchokonoa jirani, mshonaji aliyekaa na cherehani yake ukuta wa pili.

"Mwanangu," alimuuliza, "hawa wenzako huwa wanagombana hivi siku zote?"

Mshonaji alikuwa na pini midomoni na hakuwa na muda. "Hao nawasikia tangu alfajiri mpaka jua linazama, Mama. Nimezoea. Mimi nikiona wamenyamaza ndipo ninapoingiwa na wasiwasi."

"Wakinyamaza huwa kumetokea nini?"

"Umeme umekatika," mshonaji alisema, lakini pini zilimzuia na Mama hakungoja jibu liishe. Alikwisha kurudi ndani, ameshika tama.

Halafu kukaja pua. Walikuwa mezani, mashine inasaga mzigo wa mwisho upande wa pili wa ukuta. Mama alikuwa ametoka kuchua goti kwa dawa yake yenye kafuri. Ghafla Kimya akainua uso, akavuta hewa, akamtazama mkewe na kubana pua. Mkewe akainuka mbiombio akatoka nje. Mkanda kweli ulikuwa umeanza kuungua. Mama hakuona mkanda. Aliona mwanawe wa kumzaa anabana pua, na mkwe anakimbia chakula. Alikwenda bafuni akaliosha goti kwa sabuni mpaka likawasha, na chupa ya dawa akaifungia sandukuni. Tangu siku hiyo hakuchua tena, na goti likavimba.

Na kidole gumba. Mfuko wa safari aliokuja nao Mama ulikuwa umewekwa karibu na mlango wa sebule, ubavuni mwa gunia la unga la mteja. Kimya aliingia, akamwonyesha mkewe kidole gumba kuelekea nje, mkewe akaitikia kwa kichwa. Mama alijitia kuchambua mchele. Baadaye alipokuta mfuko bado upo na gunia limeondoka, alidhani wamemwonea haya, wamesubiri kwanza.

Siku ya mikate ndiyo iliyomaliza kazi. Kengele aliingia chumbani mwa Mama kuanika godoro, akakuta chini yake karatasi za mikate zimekunjwa vizuri, moja juu ya nyingine, kama shuka za wodini. Alizikusanya akaenda nazo uani alikokaa Mama.

"Mama," alisema kwa sauti yake ya kushindana na mota, ingawa mota ilikuwa imezimwa, "chakula changu kina nini?"

"Hakina neno, mwanangu."

"Sasa hii mikate ya nini chini ya godoro? Unaogopa nitakuwekea kitu?"

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Ila sahani zangu zinarudi jikoni kama zilivyotoka, na mkate wa duka unaliwa kwa kujificha. Mimi nielewe nini? Wateja wananiuliza mbona mama mkwe wako anakonda, na mimi sina la kujibu."

"Ningekaribishwa vizuri ningekula," Mama alisema, kwa sauti yake ileile ya wodi ya wagonjwa mahututi.

Masikio ya Kengele yalikwisha kuliwa na mashine tangu utotoni. Aliona midomo inatikisika, hakusikia hata neno moja. "Unanung'unika nini, Mama? Unaniapiza?"

Kengele akasubiri, akaona hajibiwi, akazitupa zile karatasi kwenye pipa na kurudi kazini macho yamelowa. Alimimina mahindi siku ile kwa hasira mpaka mumewe akamuuliza kwa mikono ana nini, na yeye akamjibu kwa mikono kwamba hana kitu. Asubuhi iliyofuata ndipo Mama alipoletewa chai kwenye benchi, na ndipo kidole kilipopita shingoni.

Mama alimpigia simu shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji, njoo unichukue."

"Kuna nini tena?"

"Wananifukuza kwa ishara. Leo nimeonyeshwa nitachinjwa."

Baba Mdogo, kama Kimya alivyomwita, alipata kuwa mwenyekiti wa chama cha wapakiaji mizigo, na tangu astaafu hakupata kikao cha maana. Aliposikia neno kuchinjwa alivaa koti akiwa bado kwenye simu. "Usiseme kitu kwa mtu," aliagiza. "Nakuja kesho. Tutakaa kikao. Kama ni kweli, Kimya atachagua mbele yangu, mama yake au huyo mwenye mashine. Na wewe fungasha."

"Nikitoka hapa nitakwenda wapi?"

"Si kwa mpwa wako?"

Mpwa alikuwa na chumba kimoja, mume na watoto wanne. Mama angelala sakafuni, na kwa goti lile akilala sakafuni hainuki bila kushikwa mkono. Alifungasha hata hivyo. Aliiweka ile chupa ya dawa katikati ya kanga, akalia kidogo, bila sauti.

*

Baba Mdogo alifika kabla jua halijakolea, akakataa kochi na kutaka kiti cha meza, chenye mgongo ulionyooka. Kimya alitaka kuzima mashine lakini mwenye mkahawa alikuwa nje akisubiri gunia lake, kwa hiyo waliuacha mzigo ujisage wenyewe nao wakaingia sebuleni, nguo zao nyeupe kwa unga. Ukuta ulikuwa unatetemeka kidogo.

"Naomba nifungue kikao," alisema Baba Mdogo.

"Sema kwa nguvu, Baba Mdogo," Kimya alipaza sauti.

"Mnaona?" Mama alinong'ona. "Mnaona anavyomfokea baba yake?"

"Kimya, punguza ukali," alisema Baba Mdogo. "Mimi ni mzazi wako."

"Ukali gani?" Kimya aliuliza, akipaza zaidi.

"Baba Mdogo," alisema Kengele, "kama umekuja kwa sababu yangu, niambie kosa langu. Nimempikia, anakataa. Nimemfulia, anafua tena kwa kujificha. Anakula mkate kama mfungwa. Mtaa mzima utasema namtesa mama mkwe. Mimi ndiye ninayeteswa humu."

"Utapewa nafasi, mkwe wangu. Kikao kina utaratibu. Shemeji, toa malalamiko yako, moja baada ya jingine."

Mama alinyoosha kanga yake. Alikuwa amejiandaa kutoa moja au mawili, yaliyobaki ayameze. Lakini moyo ulikwisha kufurika. "Shemeji, mimi sikutukanwa. Afadhali ningetukanwa, ningejibu. Wao wanasemezana kwa mikono juu ya kichwa changu, kama mimi ni kiziwi. Wanabana pua nikipita. Wananionyesha mlango."

"Nani?" aliuliza Kengele, aliyekuwa amesikia nusu.

"Na jana," Mama aliendelea, akimgeukia Baba Mdogo ili aone vizuri, "jana huyu mkwe wako alinitazama machoni akanifanyia hivi." Akainua mkono na kupitisha kidole shingoni, kutoka sikio hadi sikio.

Kimya akainuka akatoka.

Wote wakamtazama anavyoondoka. Baba Mdogo alifungua mdomo amwambie kwamba kikao hakiachwi hivihivi, na kabla hajatoa neno, ule mtetemeko wa ukutani ukashuka, ukawa mlio, mlio ukawa mnong'ono, kukawa kimya kabisa. Kuku wa mshonaji akasikika. Kimya akarudi akipangusa mikono.

"Tayari," alisema. "Kuna nini, Mama? Lile gunia lilikuwa halijaisha."

"Tayari nini?"

"Si umesema nizime?"

"Mimi?" Mama alisema. "Mimi nimesema uzime?"

"Umesema." Na Kimya akapitisha kidole shingoni, kwa uso wa mtu anayekumbusha bei.

Kengele ndiye aliyeelewa kwanza. Aliketi mkono mdomoni, akimtazama Mama, kisha kidole cha Mama ambacho bado kilikuwa hewani. "Mama," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mgeni aingie nyumba ile sauti yake ilishuka, "jana ulikuwa benchini. Baba Pacha alikuwa nyuma yako, kwenye swichi."

Mama alikuwa mtu wa kuhakikisha. Wodini hutoi dawa kwa kudhani. Alikishusha kile kidole, akafikiri, akamkazia macho mwanawe na kubana pua.

"Sasa umezimwa, utaunguaje?" alisema Kimya. Lakini alikwisha kuvuta hewa mara mbili, na mkewe alikwisha kugeuza shingo kuelekea ukutani.

"Nini kitaungua?"

"Mkanda."

"Mkanda," Mama alirudia. Alielekeza kidole gumba mlangoni, safari hii taratibu, kama anayeuliza.

"Gunia limejaa, litolewe," walijibu wote wawili pamoja.

Mama akatazama mfuko wake wa safari uliokuwa mlangoni umefungwa. Akatazama goti lake. "Nami niliacha kuchua," alisema.

"Uliacha kwa sababu hiyo?" Kengele aliuliza. "Mimi nilifikiri limepona. Nikasema afadhali, hewa ya kwetu imemfaa." Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Lakini chakula, Mama. Chakula hakina mikono. Ulisema umeshiba."

"Nilisema."

"Basi?"

"Nilisema mara moja tu, mwanangu."

Kengele alimtazama mumewe. Mumewe akainua mabega. Yeye mwenyewe alikuwa amesahau, maana unga huziba vitu vingi. "Kwani kwenu mtu akishiba husema mara ngapi?" Kengele aliuliza.

"Akishiba kweli husema mara tatu. Zile mbili za mwanzo ni heshima."

"Mimi kwetu heshima ni kumwamini mtu anachosema," Kengele alijibu bila ubishi, kama anayejieleza mwenyewe. "Baba angenichapa nikimmiminia mtu aliyesema basi." Akatazama ukuta wa mashine. "Siku zote hizi ulikuwa na njaa ndani ya nyumba ya mashine ya unga. Watu wakijua hili nitahama mji."

"Usihame," Mama alisema. "Paza sauti kidogo tu, na mimi nitajitahidi kupaza. Tukutane katikati."

"Unasema?"

"Nimesema usihame," Mama alisema kwa nguvu, na sauti ilipomtoka alishtuka mwenyewe, akatazama huku na huku kama atakayekaripiwa.

Nje mwenye mkahawa aligonga dirisha kuuliza kama wamekufa huko ndani. Kimya akamjibu kwamba mashine imepumzishwa kwa amri ya mama yake, aende, arudi baadaye.

*

Kengele alipika haraka, akaleta chakula mezani moshi ukifuka. Kwanza alimkaribisha mgeni mkubwa.

"Karibu, Baba Mdogo."

"Aa, mkwe wangu, usijisumbue. Mimi nimeshiba," alisema Baba Mdogo na kuegemea mgongo wa kiti, akingoja kubembelezwa.

Sahani ikaondoka. Baba Mdogo aliifuata kwa macho mpaka ilipoingia jikoni. Mama alimwonea huruma shemeji yake, ila si sana. Yeye huyu ndiye aliyemwambia afungashe.

Zamu yake ilipofika, Kengele alimpakulia kijiko kimoja, akasimama na upawa hewani, hajui aendelee au aache. Alionekana kama mtu anayefanya mtihani. "Mama," alisema, "umesha... yaani... nikuulize mara ya pili?"

Mama alijisikia ile aibu ya zamani inapanda, ile ya kuomba chakula kwenye sufuria ya watu. Neno nimeshiba lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi. Akaliacha hapohapo. Aliinua mkono juu ya sahani na kuinamisha kiganja, kama mtu anayemwaga maji.

Hiyo hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ameiona tu, akiwa benchini na chai yake.

Kengele akamimina. Mama akaacha kiganja kimeinama. Kengele akamimina tena, wali ukawa kilima, na Kimya akaanza kucheka kwa sauti yake mpya ile kubwa ambayo Mama alikuwa akiiogopa. Jirani mshonaji akauliza kutoka ukuta wa pili wanacheka nini, na hakuna aliyemjibu kwa sababu hakuna aliyemsikia.

Baba Mdogo aliona kikao kinamponyoka, na njaa ndiyo hiyo. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu zangu," alisema, "kabla sijafunga kikao hiki, naomba niseme machache. Jambo hili lililotokea leo lina mafundisho makubwa kwetu sote. La kwanza, binadamu ana macho na ana masikio. La pili..."

Mama alikuwa na wali mdomoni na asingeweza kusema kitu. Alimtazama mkwe wake upande wa pili wa meza, akapitisha kidole shingoni.

Kimya, kwa mazoea, akainuka kwenda kuzima mashine iliyokwisha kuzimwa.